The Wild Geese (1978): muvi ya mamluki wazee waliozeeka kweli, njooni tuijadili

Babu Kanda Mbili

Wakuu kwema humu.

Naona kila ikianzishwa mada ya makomando wazee watu wote wanakimbilia Expendables ya Stallone ya 2010. Sawa, iko poa, milipuko ya kutosha na kila mzee kapewa dakika zake za kutamba, ila mi nasema wazi wale hawajazeeka. Vifua vimejaa, nywele nyeusi tii, wanaruka kama vijana wa chipukizi. Ukitaka kumuona mamluki aliyezeeka haswa, pumzi inakata, goti halitaki, pombe imeshamla, katafute The Wild Geese ya 1978. Nitaielezea mpaka mwisho kwa hiyo kama hutaki kuharibiwa utamu ishia hapa hapa, ukishaiona urudi.

Watu wenyewe kwanza: Richard Burton, Roger Moore, Richard Harris na yule Mjerumani Hardy Krüger. Burton kazaliwa 1925 kwa hiyo wakati wanapiga picha alikuwa na hamsini na kitu tu, lakini mtazame usoni, utampa sabini kasoro. Jamaa alikuwa mlevi na dunia nzima ilijua, Harris naye vile vile. Moore ndo alikuwa James Bond wa siku hizo, hii kaicheza katikati ya The Spy Who Loved Me (1977) na Moonraker (1979), na humu ana sigara yake kubwa mdomoni kuanzia London mpaka porini sijui kwenye parachuti aliificha wapi. Dairekta Andrew McLaglen, mtu wa muvi za kauboi za John Wayne, na inaonekana kabisa, maana hii ni kauboi iliyovalishwa gwanda.

Stori sasa. Kanali Faulkner, ndo Burton huyo, anaitwa London na tajiri mmoja Sir Edward Matherson. Kuna rais wa nchi moja ya Afrika ambayo haitajwi jina, anaitwa Limbani, kapinduliwa na jenerali anaitwa Ndofa. Dunia inaamini keshakufa kumbe yuko hai, mgonjwa, kafungwa na muda si mrefu watammaliza. Tajiri anamtaka akiwa mzima. Si kwa mapenzi, kuna shaba pale. Faulkner anapewa hela akusanye watu 50.

Hapo kwenye kukusanya watu ndo mi naipendea hii muvi. Dakika nyingi sana zinapita hakuna hata risasi moja na huchoki. Janders (Harris) keshaachana na vita, anauza picha za kuchora, ana mtoto mmoja wa kiume na wamepangiana kwenda kuteleza kwenye theluji Krismasi. Fynn (Moore) anawindwa na mafia kwa sababu alimlazimisha ndugu wa mkubwa wao kula unga wake mwenyewe wa kulevya mpaka akafa. Coetzee (Krüger) ni kaburu anayetaka hela akanunue shamba kwao. Halafu kuna RSM (sajenti meja wa kikosi) mstaafu anaitwa Sandy, yuko zake kwenye bustani na maua, mke anamuangalia Faulkner kwa jicho baya maana anajua kilichomleta, na mzee wa watu hata hajamalizia kusikiliza keshakubali. Aliyecheza Sandy ni Jack Watson, kazaliwa 1915! Piga hesabu mwenyewe.

Kambini sasa Sandy anawageuza wazee wenzake kuwa makuruta. Waliopita JKT mtaelewa, ni doso mwanzo mwisho, vitambi vinaning'inia, watu wanatapika, na anawatukana matusi ambayo televisheni ya taifa ingeyakata yote. Mpaka wanapanda ndege ya kijeshi, Hercules, mtazamaji unawajua kwa sura, na ndo maana wakianza kufa inauma. Muvi za siku hizi wanaanza kufa dakika ya tano, utamlilia nani?

Wanaruka usiku kwa parachuti, Coetzee anawaua walinzi kwa upinde wa kufyatua kama bunduki, mishale ina sumu, halafu wanaingia mabwenini na mitungi ya gesi ya sumu, sianidi, wanawapulizia askari waliolala. Limbani anatolewa. Kazi imekwisha, wako uwanja wa ndege, ndege ile inakuja, inagusa ardhi, watu wanaikimbilia... inaondoka! Matherson kule London keshaelewana na Ndofa, shaba kaipata kwa njia ya mezani, Limbani hana faida tena wala wazee 50 hawana faida.

Kuanzia hapo ni kukimbia kwa miguu, huku wanafukuzwa na askari wanaoitwa Simba (hilo jina tutalirudia). Mwisho wanapata ndege moja kuukuu ya Dakota, wanaiwasha huku wanashambuliwa, Janders yuko nyuma anakimbiza ndege, kapigwa mguuni, hawezi kudandia na wanaowafuata wana mapanga. Anamuomba rafiki yake ampige risasi. Na Faulkner anampiga. Sisi tumelelewa na steringi hafi, sasa hapa steringi anauliwa na steringi mwenzake mlangoni mwa ndege na yule mtoto kule shule ya bweni anasubiri Krismasi.

Haya, karibuni.

chizi_wa_picha

Babu umetisha. Nimekita kambi hapa.

Jongwe la Temeke

Mleta mada nimekusoma mpaka mwisho na hujasema mahali ilipopigwa. Ngoja nikusaidie. Hii muvi imepigwa Afrika Kusini ya makaburu mwaka 1977, kaskazini kule Transvaal jirani na mto Limpopo, mwaka mmoja baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi na mwaka ule ule Steve Biko kauliwa mikononi mwa polisi. Tanzania tulikuwa tunalisha wapigania uhuru Morogoro na Kongwa, wao wanapiga kambi kwa kaburu watengeneze burudani. Ilipozinduliwa London 1978 watu wa Anti-Apartheid Movement walikwenda kuandamana mlangoni na walikuwa na haki.

Na hiyo sehemu ya sianidi umeipitia kama vile unaelezea mapishi. Watu wamelala. Wanapuliziwa sumu kwenye vitanda. Muziki wa Roy Budd unapiga na sisi tuliotazama kwenye kanda tulikuwa tunashangilia, watu weusi tunashangilia weusi wenzetu wanauliwa usingizini, kisha tunaombwa tumlilie muuza picha za kuchora. Hesabu Simba waliokufa mule, mamia, nitajie jina la mmoja tu.

Babu Kanda Mbili

Jongwe sikubishii hata nukta. Jina hakuna hata moja, nimetafuta.

Ila tusiwafute waliomo. Limbani kachezwa na Winston Ntshona na yule Jesse Blake mle kikosini ni John Kani. Hawa si watu wa kuokotwa, 1975 walipewa tuzo ya Tony wote wawili kwa pamoja kule New York kwa michezo ya jukwaani ya kuisema sheria ya pasi na jela ya kaburu, na 1976 wakakamatwa Transkei kwa mchezo ule ule. Yaani mwaka unaofuata baada ya kutoka mahabusu wako seti moja na Roger Moore. Kani ndo huyo huyo vijana mnamjua kama mfalme T'Chaka baba yake Black Panther. Mi huwa najiuliza walikuwa wanaongea nini jioni kambi ikizimwa taa.

Udhaifu mkubwa kwangu ni pale Coetzee anambeba Limbani mgongoni huku wanabishana weusi na weupe. Mwanzo mzuri, kaburu anatema sumu yake yote na Ntshona anamjibu kwa utulivu, anamwambia lazima sisi tuwasamehe nyie ya nyuma na nyie mtusamehe sisi ya sasa. Unasema hapa kuna kitu. Lakini vilima viwili vitatu tu mbele kaburu kashaongoka, anakufa akimlinda! Ubaguzi wa karne tatu unatibiwa kwa mwendo wa siku moja. Mwandishi wa skripti ni Reginald Rose, yule yule wa 12 Angry Men, aliyewaweka watu kumi na wawili chumba kimoja muvi nzima ili abadili mawazo yao mmoja mmoja. Subira ile humu hana.

binti_wa_Ujiji

Shikamoo Babu, shikamooni wakubwa wote.

Umesema jina la Simba utalirudia na hujarudi, naomba nilirudie mimi maana ni la kwetu huku ziwani. Simba si jina la kutungwa na watu wa sinema. 1964 upande wa mashariki wa Kongo waliamka wafuasi waliobaki wa Lumumba, wapiganaji wao wanaitwa Simba, wanaongea Kiswahili, wakaichukua Stanleyville ambayo leo ni Kisangani. Walikuwa wanapakwa dawa risasi igeuke maji, jambo ambalo Mtanzania yeyote aliyesoma Maji Maji halimshangazi. Serikali ya Kongo waziri mkuu ni Tshombe, yule aliyetaka kuitenga Katanga, na Tshombe akaajiri wazungu wa kukodi. Mkubwa wa kikosi kinachoitwa 5 Commando ni Mike Hoare, mhasibu wa kusomea aliyehamia Durban. Kikosi chake ndo kilijiita Wild Geese, jina la askari wa Ireland wa zamani waliokwenda kupigana kwenye majeshi ya nje.

Sasa nenda kasome majina mwanzoni mwa hiyo muvi. Mshauri wa mambo ya kijeshi: Mike Hoare mwenyewe!! Yaani aliyewapiga Simba wa kweli ndo kakaa pembeni ya kamera anaelekeza Simba wa bandia waanguke vipi.

Tarehe 24 Novemba 1964 makomando wa Ubelgiji walishushwa Stanleyville kutoka ndege za Marekani, na msafara wa ardhini wenye mamluki ukaingia siku hiyo hiyo. Waliokufa wazungu waliandikwa magazetini majina na picha. Wakongomani waliouliwa mitaani na kwenye vijiji njiani waliandikwa kwa makadirio. Kwa hiyo Jongwe akisema hakuna jina hata moja, muvi haikuanzisha tabia hiyo.

Na 1965 vita ikahamia huku kwetu, Fizi na Baraka, ng'ambo tu ya Kigoma. Che Guevara alipita Kigoma Aprili mwaka huo akavuka na Wakyuba wake, wakajipa majina ya namba za Kiswahili, yeye akawa Tatu. Hoare upande wa pili na boti zake ziwani. Mwisho wa mwaka Che akarudi kwa njia ile ile, kashindwa. Bibi yangu hajui Che ni nani ila anakumbuka watu walivyokuwa wanafika ufukweni usiku na watoto mgongoni. Mkinionyesha muvi ya hao nitaitazama hata mara ishirini.

chizi_wa_picha

Dada hii ilitakiwa iwe uzi wake peke yake.

Afande Mstaafu_68

Binti marahaba. Umemtaja Hoare na hujammalizia. Mnatafuta muvi ya mamluki wazee? Hoare kaicheza live, bila kamera, na ni kichekesho.

Novemba 1981, muvi imetoka miaka mitatu tu nyuma, Hoare ana miaka 62. Anataka kumpindua Rais France-Albert René wa Shelisheli ambaye naye alimpindua Mancham 1977. Anakusanya watu zaidi ya arobaini, anawavika wote blezi, wanajifanya chama cha wanywaji bia wanaopeleka midoli kwa watoto yatima. Mabegi juu midoli, chini bunduki za SMG. Wanapanda ndege ya abiria ya Swaziland mpaka Mahé. Wengi wanapita forodha salama, wanaenda zao kwenye basi. Mmoja tu begi lake linafunguliwa, mtu wa forodha anakuta chuma. Basi, moto ukawaka palepale uwanjani.

Askari wetu wa JWTZ walikuwepo Shelisheli kipindi hicho, serikali ya René iliwaomba. Kwa hiyo hao wazee walikuja kupindua nchi ambayo ina Watanzania wenye silaha na wao wamevaa blezi. Walivyoona maji yamezidi unga ndege ya Air India ikatua katikati ya vurugu, wakaiteka, wakamwambia rubani twende Durban. Wenzao kadhaa wakaachwa huko kisiwani kama vile ile Hercules kwenye muvi, tofauti ni kwamba hapa waliowaacha ni mamluki wenyewe, hakuna Matherson wa kumsingizia.

Hoare alihukumiwa miaka 10 kwa kuteka ndege, akatoka 1985. Amekufa Durban Februari 2020 akiwa na miaka 100. Kitandani.

Jongwe la Temeke

Mia moja!! Na Lumumba alikufa na 35.

Mngazidja wa Kariakoo

Asalaam aleikum. Na sie wa Komoro mtuhesabu basi, maana nyie mna Hoare mmoja aliyeshindwa, sisi tulikuwa na Bob Denard aliyefanikiwa. Mfaransa. Mei 1978, mwaka huo huo wa hiyo muvi yenu, alitua usiku kwa mashua akampindua Ali Soilih ambaye alikuja kuuawa wiki chache baadaye. Halafu hakuondoka. Kakaa zaidi ya miaka kumi ndo mwenye nchi nyuma ya pazia, kasilimu, kajiita Said Mustapha Mahdjoub, kaoa, ana shamba. Kafukuzwa 1989 baada ya Rais Ahmed Abdallah kuuliwa.

Nikamilishe la uzee. Septemba 1995 akarudi tena, miaka 66, anachechemea kwa jeraha la zamani la Kongo, na watu kama thelathini kwenye boti za mpira, wakamkamata rais Djohar. Wiki moja tu Ufaransa ikatuma jeshi likamkusanya kama mzee aliyepotea sokoni. Mi nilikuwa mdogo, watu wazima walikuwa wanacheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo Babu ukisema Burton amezeeka kwenye muvi mi namuona Denard anashuka kwenye boti na fimbo.

wambo_254

Niaje wasee. Mimi hii movie niliiona kwa video show mtaani tukiwa wadogo, jamaa wa kutafsiri alikuwa anampa Roger Moore maneno ya matatu, sikujua mpaka leo kwamba Limbani ni rais, nilidhani ni mchungaji wamemteka. Maswali mawili: huyo Limbani ni Lumumba ama ni nani? Na part two iko?

Babu Kanda Mbili

Karibu mkuu wambo.

Limbani wengi wanasema ni Tshombe kwa mlango wa nyuma, kwa sababu Tshombe naye alipoteza madaraka na Juni 1967 ndege aliyokuwa amepanda ilitekwa juu ya Mediterania ikapelekwa Algeria, akafungwa huko mpaka akafa 1969. Muvi imetoka kwenye riwaya ya Daniel Carney, mtu wa Rhodesia, na kule hadithi za ndege ya usiku iliyobeba rais mahututi zilikuwa nyingi. Lakini hapa ndo wamefanya ujanja mkubwa, wamechukua historia ya Tshombe wakamvalisha roho ya Lumumba. Wametengeneza mtakatifu anayependwa na watu, mpole, msomi, halafu wanaomuokoa ni wale wale ambao kwenye maisha ya kweli walilipwa kuwamaliza wafuasi wa mtu wa aina hiyo. Ukishalijua hilo huwezi kuitazama kwa macho yale ya zamani.

Bado naitazama, Jongwe usininunie. Naitazama kwa sababu ya nusu ya kwanza, ile ya wazee ambao hawajui kufanya kazi nyingine. Na kwa sababu ya Matherson, kachezwa na Stewart Granger, mle ndani hapazi sauti hata mara moja. Kwa muvi ya burudani ya 1978, tena iliyopigwa kwa kaburu, kusema wazi kwamba adui mkubwa si Ndofa wala Simba, ni mtu wa suti London aliyekwisha hesabu shaba yake, si haba. Tatizo wameogopa kuishia hapo. Faulkner anarudi London, anaingia nyumbani kwa Matherson usiku, anachukua hela kwenye sefu na kumuua, Moore anasubiri nje na gari, watazamaji wanapiga makofi wanaenda kulala. Afande ametupa umri wa Hoare na alipofia. Wenye kampuni za shaba za Katanga nani aliingiliwa nyumbani usiku?

Part two ipo, ya 1985. Burton alitakiwa kurudi, akafariki Agosti 1984 kabla hawajaanza kupiga, wakamleta Edward Fox eti ni mdogo wake Faulkner. Safari hii wanamtoa gerezani Berlin aliyekuwa naibu wa Hitler, Rudolf Hess, kachezwa na Laurence Olivier akiwa mzee hoi. Mi niliizima katikati.

wambo_254

Asante buda. Basi hiyo naruka. Hii ya kwanza niko nayo hapa kwa flash, naiona tena usiku.

Jongwe la Temeke

Ukifika kwenye mabweni punguza sauti ya muziki uangalie vizuri.